Mgongo wa Punda: Ufugaji Huanzia Wapi?

Huko Abydos, kusini mwa Misri, wanaakiolojia walifukua makaburi ya matofali kando ya uzio wa mazishi wa mmoja wa wafalme wa kwanza wa nchi hiyo. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na punda 10, waliozikwa wakiwa kamili yapata miaka 5,000 iliyopita.

Mifupa hiyo inatatiza. Kwa kipimo kilichozoeleka, yaani ukubwa na umbo la mifupa ya miguu, ungekaribia kuapa kwamba ni punda mwitu. Lakini pingili za uti wa mgongo zina alama za kulemewa na mizigo, na mnyama wa porini habebi shehena ya mtu. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha punda 207 wa leo na 31 wa kale, unaonyesha kwamba punda walifugwa mara moja tu, barani Afrika, karibu mwaka 5000 KK. Basi wale wa Abydos walikuwa wamerithi ufugaji wa takriban miaka 2,000, na miguu yao ilikuwa bado haijapata habari.

Kasoro, kwa maoni yangu, haiko kwa punda. Iko kwenye kipimo. Tumezoea kusema mnyama amefugwa pale umbo lake linapobadilika, kwa kuwa ndivyo ng'ombe na kondoo walivyotuonyesha kwa kupungua kimo. Punda alitakiwa kwa sifa zilezile alizopewa na jangwa: kustahimili kiu, kwato ngumu, mwendo mrefu. Nani angehangaika kumbadilisha? Tena hujilisha mwenyewe mbali na boma, na huko jike huweza kupandwa na dume la mwitu bila mfugaji kujua. Damu ya porini ikiendelea kuingia, umbo hukawia kubadilika.

Mtama unasimulia jambo la jamii hiyohiyo. Mtama mwitu hupukutisha punje zake zikikomaa. Uliofugwa huzishikilia kwenye suke mpaka upurwe. Anayekata masuke kwa kisu huondoka na punje zilizoshikilia, na ndizo atakazopanda, hata kama hakukusudia kuchagua. Anayezikung'utia kapuni hana athari hiyo. Vigae vya mashariki mwa Sudan, vya milenia ya 4 KK, ambavyo udongo wake ulichanganywa na makapi, vina chapa za aina zote mbili. Wakulima walikuwepo tayari. Mmea ulikuwa bado njiani.

Isidhaniwe kwamba kazi peke yake yatosha kuwa ufugaji. Mwanazuolojia Mwingereza Walter Rothschild aliwahi kuendesha gari la kukokotwa na punda milia mitaani London, na hakuna kizazi cha punda milia kilichotokana na mbwembwe zile. Kiswahili kinatofautisha vizuri: kumzoeza mnyama mmoja ni jambo linalokufa naye, kufuga ni kushika uzazi, hata kama ni kwa mkono mlegevu kama ule wa wafugaji wa punda.

Mkono huo bado ni mlegevu. Punda mwitu wachache waliobaki Ethiopia na Eritrea hukutana malishoni na punda wa wafugaji, na wahifadhi leo wanahofia kuzaliana kwao. Uzio ambao wataalamu huutafuta kwenye mifupa ya miaka 5,000 iliyopita haujajengwa hata sasa.