Daftari la Shangazi: ushauri nasaha kabla ya dawa

Shangazi yangu ana kaunta buku moja kuukuu. Analiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge ambavyo hajawahi kushona. Ndani kuna orodha ya nyumba. Si majina ya watu, ni nyumba: "nyumba ya kona", "kwa mwalimu", "kwa bibi wa mtoni". Mbele ya kila nyumba kuna tarehe na maneno machache. Sabuni mche mmoja. Amekula. Hajala. Mtoto amerudi shule. Linaanza mwaka 1992 na kuishia 2005, na kwa muda mrefu nilidhani ni daftari la mikopo ya kikundi cha akina mama.

Sisi ni watu wa Kagera. Wagonjwa 3 wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walitoka mkoani kwetu, mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa wake. Kabla jina la kitaalamu halijafika, watu walikuwa na lao: Juliana, jina la nguo za kupendeza zilizoingia na wafanyabiashara wa mpakani. Kizazi changu kinaijua historia hii kwa upande wa dawa. ARV zilianza kutolewa bure Oktoba 2004, Rais Kikwete akapima hadharani pale Mnazi Mmoja Julai 2007, na hapo ndipo wengi tunapoanzia kusimulia. Lakini kutoka 1983 hadi 2004 ni miaka 21. Ndani ya miaka hiyo, mtu aliyepata majibu mabaya alipewa nini?

Jibu la mapema lilipatikana ng'ambo ya mpaka wetu. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 mume wake, Christopher, aliugua akiwa masomoni Uingereza, katika mji wa Hull, akagundulika ana Ukimwi. Noerine akasafiri kwenda kumuuguza. Alichokikuta kule, na ambacho amekieleza katika kitabu chake We Miss You All, ni wauguzi waliomshika mumewe bila hofu na watu baki waliokuja kukaa naye. Waliporudi nyumbani walikuta hali nyingine kabisa. Christopher alifariki Januari 1987. Novemba mwaka huohuo Noerine na wenzake, jumla yao 16, wengi wakiwa wenyewe na virusi, wakaanzisha TASO. Dawa ya virusi hawakuwa nayo. Walikuwa na vikao vya kuzungumza, ziara za majumbani, na tiba ya yale magonjwa nyemelezi yaliyotibika.

Huku kwetu, mwaka 1989, Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA jijini Dar es Salaam: Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Liangalie vizuri jina hilo. Halisemi wagonjwa, halisemi waathirika. Aliye katika mapambano anaweza kuwa mama anayefua mashuka usiku ili majirani wasione. Tukumbuke pia kwamba afisa ustawi wa jamii tulimzoea kama mtu wa ofisini, wa kesi za matunzo ya mtoto na ugomvi wa ndoa. Ukienda kwake ujue umeitwa. Sasa ikabidi yeye ndiye abishe hodi.

Kazi hiyo ilihitaji jina, ikaitwa ushauri nasaha. Nasaha ni neno la zamani, ila lilikuwa na upande mmoja: mkubwa anasema, mdogo anasikiliza. Kazi mpya ilidai kinyume chake. Mshauri alifundishwa kuuliza, kunyamaza, na kutoamua kwa niaba ya mwenye shida. Nadhani ndiyo maana tukabandika maneno mawili yanayokaribiana, kana kwamba moja peke yake lingeelemewa. Kiukweli sioni kama tulifaulu sana. Hadi leo mtu akiambiwa "kapate ushauri nasaha" anajiandaa kusemwa.

Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mafunzo yake yote ya ushauri yalikuwa ya wiki 2, kupitia kanisani, na anadai aliyasahau ndani ya mwezi mmoja. Alichokishika ni kitu alichojiongezea mwenyewe. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa buni za kahawa zilizokaushwa. Unapewa mkononi, unatafuna. Miaka ile watu walikuwa wameacha kupokea buni kwenye nyumba yenye mgonjwa. Wanasimama uani, wanatoa pole, wanaondoka. Yeye aliingia ndani, akaomba buni kutoka mkononi mwa mgonjwa mwenyewe, akatafuna mbele yake.

"Ukishatafuna, anaanza kusema mwenyewe," aliniambia. "Ukikataa, hata uwe na cheti cha wapi, utarudi na ulichokuja nacho."

Kurasa za 1994 hadi 1998 zina neno linalojirudia kuliko sabuni: wosia. Kwa mila za Kihaya shamba la ukoo halikuwa la mjane. Ndugu wa marehemu waliweza kufika matanga yakiwa hayajapoa na kuanza kuhesabu migomba. Ni kweli kwamba Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi iliyotoka hukuhuku Kagera ya mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, alikwishaamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ni ya kibaguzi na inakwenda kinyume na Katiba. Hukumu nzuri sana. Lakini hukumu ilikuwa Mwanza na shamba lilikuwa kijijini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri nasaha wa Shangazi ilikuwa kumshawishi mwanamume anayekaribia kufa aandike nani abaki na migomba, mbele ya mashahidi. Wapo waliogoma, wakisema kuandika wosia ni kukiita kifo. Baadhi ya nyumba hizo, humo daftarini, zinaishia na neno moja: "Wamehamishwa."

Ukurasa wa Machi 1997 una nyumba ninayoijua. "Kwa kaka. Hajataka kuongea. Nimefua." Kaka huyo ni baba yangu; mimi nilikuwa na miaka 6. Wiki iliyofuata: "Kwa kaka. Hajataka. Nimefua, nimepalilia." Nimehesabu ziara 11 za namna hiyo. Ya 12 inasema: "Ameongea." Basi. Chini yake kuna wosia, na tarehe.

Nilimuuliza baba alisema nini siku ile. Nilikuwa nimekaa mbele yake kama mwandishi wa habari kamili, kinasa sauti kiko mezani. Akanitazama kwa muda.

"Hiyo si yako, mwanangu."

Nikazima mashine. Mama yangu bado analima lile shamba, na ikumbukwe kwamba Shangazi ni mtoto wa ukoo huohuo ambao ungelichukua.

Sitaki kuipamba miaka ile. Yeye mwenyewe haitamani. Dawa zilipofika, anasema, aliacha kununua sanda kwa kukopa. Daftari likakoma 2005 kwa sababu watu walianza kwenda kliniki kwa miguu yao. Ila kazi ya kukaa na mtu ikageuka kisanduku cha kuwekewa tiki kwenye fomu, na ile ya kubisha hodi ikawa ajira ya mradi, yenye fulana, posho na fedha zilizotoka kwa kiasi kikubwa Marekani. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada yake ya nje, binti wa jirani yetu, mhudumu wa jamii kwa miaka 6, alipata ujumbe kwenye simu kwamba kesho asitoke. Hakuelezwa watu wake awaambie nini.

Binti mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikwenda kwa Shangazi jioni hiyo, analia, orodha yake iko kwenye simu. Shangazi hakumpa pole. Alimuuliza ni nyumba ngapi. Akajibu 27. Asubuhi yake, umande haujakauka, Shangazi alikuwa mlangoni kwao na kandambili zake, anauliza ipi iko mbali zaidi, waanze na hiyo.