Ngeli za Vichaka vya Itigi

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912. Ilipopita Itigi ilipasua uoto usiofanana na miombo ya jirani: vichaka vilivyosongamana, vingi vikiwa na kimo cha mita 3 hadi 5, vinavyopukutisha majani kiangazi na kuota juu ya udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji. Spishi za miti na vichaka humo zinazidi 100. Wataalamu wa mimea waliuita uoto huo kwa jina la Itigi, na hata ule unaofanana nao huko Sumbu, Zambia, hutajwa pamoja na kituo hiki cha treni cha Singida. Mmoja wa waliouandika mapema ni Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika. Burtt alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Maandishi yake kuhusu uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942, wakati ambapo msomaji aliyekwama kwenye sentensi hakuwa tena na mtu wa kumwuliza. Hoja yangu yote imesimama hapo. Maandishi ya rejea husomwa na watu wasioweza kumfikia mwandishi, kwa hiyo sarufi yake ndogondogo, ile ya kiambishi na kituo, ni sehemu ya maarifa yenyewe.

Tazama majina ya mimea ya Itigi. Kuna Baphia burttii, uliopewa jina la Burtt, na kuna Pseudoprosopis fischeri, uliopewa jina la Fischer. Wa kwanza una i mbili mwishoni, wa pili una moja, na hilo si kosa la mchapaji. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinasema jina la mtu likiishia kwa konsonanti huongezewa -ii, isipokuwa likiishia kwa -er. Upo pia Combretum celastroides, ambao aina yake ya huku huitwa orientale, yaani ya mashariki. Haiitwi orientalis, kwa sababu Combretum katika Kilatini si nomino ya kiume wala ya kike, na kivumishi sharti kiifuate. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili kwa muda mrefu: ni upatanisho ule ule unaotukataza kusema kitabu mkubwa. Kinachonivutia zaidi ni namna makosa yanavyorekebishwa. Aliyelitangaza jina akikosea mwisho wake, anayemfuata hulisahihisha, na jina hubaki la mwandishi yule yule na la tarehe ile ile. Kwa njia hii matawi makavu yaliyosafirishwa kutoka Itigi hadi Kew, London, yaliweza kuingia katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, bila mti mmoja kuhesabiwa mara mbili kwa sababu ya herufi.

Maelezo ya lugha za programu ni maandishi ya jamaa hiyo hiyo. Aliyetunga fanksheni yuko mbali, na anayeitumia ana ukurasa tu mbele yake. Ndiyo maana waundaji wa lugha hizo wamewahi kuweka sheria hata juu ya hali ya kitenzi. Mwongozo wa Python uitwao PEP 257, ulioandikwa na David Goodger na Guido van Rossum mwaka 2001, unataka mstari wa kwanza wa maelezo ya fanksheni uwe amri. Desturi ya Java ni kinyume chake: hutaka nafsi ya tatu inayosimulia. Kila upande una sababu zake, na sioni haja ya kuwapatanisha. Linaloumiza ni kuchanganya. Ukurasa wa Kiswahili unaosema mahali pamoja "hurudisha jina", mahali pengine "rudisha jina", na chini yake "kurudisha jina", unamwacha mwanafunzi akijiuliza kama kazi hiyo inafanywa na fanksheni au ameagizwa aifanye yeye.

Katika Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, maana viambishi vyetu hufanya kazi ambayo Kiingereza hukiachia kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote. Chukua sentensi hii: programu ikishasoma faili, hakikisha limefungwa. Anayeisoma anajua kinachofungwa ni faili. Badili kiambishi, useme imefungwa, na sasa ni programu. Lakini ikiwa kurasa tano nyuma mwandishi alilitia neno faili katika ngeli ya I-ZI, tofauti hiyo imekufa, na msomaji makini ndiye atakayepotea zaidi kwa sababu yeye huamini viambishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na ujumbe wa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hukutana na tatizo hili kila siku. Kiingereza kinaweza kuacha pengo la jina la kitu na kuweka neno moja la kufutwa mbele ya kila kitu. Sisi tuna folda imefutwa, kitufe kimefutwa, ujumbe umefutwa, jedwali limefutwa. Waandishi wa gettext, chombo kinachotumika sana kutafsiri programu, wanashauri sentensi iandikwe nzima badala ya kuungwa kwa vipande, na kwa Kiswahili ushauri huo ni wa lazima.

Wapo wanaosema kompyuta haijali ngeli, na kwamba anayetaka kuprogramu ajifunze Kiingereza. La kwanza ni kweli, lakini maelezo hayaandikiwi kompyuta. La pili linasahau kwamba mtoto wa Itigi hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi yote, na uwezo wake wa kufuata hoja ndefu umejengwa humo. Pingamizi lenye uzito ni jingine: usanifishaji una historia ya mabavu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilishika Kiunguja, ikasahihisha vitabu vya shule, na miaka yake ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika kati ya wajumbe. Kimvita, chenye ushairi mkubwa, kiliwekwa kando. Sitaki kulipunguza jambo hilo. Hata hivyo, kuamua watu wote waseme nini ni tofauti na kuutaka ukurasa mmoja usijipinge wenyewe. Anayesema faili imepotea na anayesema faili limepotea wote wanazungumza Kiswahili. Mwongozo uchague mmoja wao na kubaki naye hadi mwisho. Wanamimea hawakumwamuru Burtt aone nini porini, walinyoosha miisho ya majina tu.

Na kazi hiyo bado ipo, pale pale Itigi. Sehemu kubwa ya uoto ule imekatwa kwa mashamba na mkaa, na anayetaka kuliandika hilo kwa Kiswahili ana maneno matatu mkononi. Msitu umekatwa. Kichaka kimekatwa. Pori limekatwa. Akiyatumia yote katika taarifa moja, afisa atakayeisoma miaka 30 baadaye anaweza kuhesabu maeneo matatu, na mwandishi huenda asiwepo wa kumwambia kwamba lilikuwa moja.