Moto wa Mlima Kilimanjaro na Wanafunzi wa Mweka

Desturi ya vitabu vya jubilei ni kuhesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopewa daraja na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema. Lakini Ukristu hupimwa pia kwa jinsi watu walivyosaidiana siku ya msiba, na habari za namna hiyo husahauliwa upesi zisipoandikwa. Kwa hiyo twaandika hapa habari za moto uliounguza Mlima Kilimanjaro mwaka 2020, na za vijana wa chuo waliopanda kuuzima.

Huenda msomaji wa Sinza atauliza, mlima wa Uchagani watuhusu nini sisi tukaao karibu na bahari? Jibu ni hili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani hii Injili ilipanda bara hata ikafika Kilema mwaka 1890. Wajukuu wa Wakristu wale wa kwanza wameshuka tena pwani, na wengine wao wamejenga hapa Sinza tangu viwanja vyake vilipopimwa katika miaka ya 1970. Kila Desemba twawaona wakifunga mizigo kwenda kula Noeli kwao. Tena maji ya mlima ule huingia mto Pangani, nayo huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na umeme huo huingia katika gridi ya taifa. Basi mlima ukiungua, si Mchaga peke yake aliyepata hasara.

Watu wengi hudhani ya kuwa maji ya Kilimanjaro yatoka katika theluji ile aliyoiona mmisionari Johannes Rebmann mwaka 1848. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji yatoka msituni, ulio chini ya theluji. Miti ile hupokea mvua nyingi, tena hukamata ukungu. Matone hushikwa na majani ya miti, yakadondoka chini polepole, yakawa chemchemi. Wazee wa Uchagani waliyajua manufaa hayo zamani sana, wakachimba mifereji iitwayo mifongo, kuyaleta maji hata vihambani penye migomba na kahawa. Mwaka 2005 mtaalamu Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alionyesha ya kuwa moto unaoteketeza msitu wa juu hudhuru maji ya mlima kuliko hata kuyeyuka kwa barafu.

Sasa tueleze moto wenyewe. Siku ya Jumapili, tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulionekana mahali paitwapo Whona, katika njia ya Marangu, nchi iliyo jirani na Kilema. Wakuu wa hifadhi walisema yaelekea ulianzishwa na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula moto. Majani yalikuwa makavu, upepo ulikuwa mkali, na kimo cha mlima kiliwachosha wanaume wenye nguvu. Usiku watu wa Moshi waliona miali juu ya vichwa vyao. Katika siku chache za kwanza zilitajwa kilometa za mraba 28 kuwa zimeungua, na hata hivyo moto haukuwa umekoma.

Hapo ndipo watu wapatao 500 walipojitoa. Walikuwako askari wa hifadhi, zimamoto wa mkoa, wanavijiji, watu wa kazi ya utalii, na pamoja nao wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963 katika mteremko wa mlima huo huo, nacho kimefundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Kazi ya kuzima ilikuwa ya mikono zaidi kuliko ya mitambo, maana yabidi kufyeka mbele ya moto na kuupiga kwa matawi mabichi. Yule aliyekuwa jana akiandika darasani habari za mapori, leo alisimama katika moshi bega kwa bega na mkulima asiyejua kusoma.

Twalisifu jambo hili kwa sababu moja kubwa. Mara nyingi wazazi wetu hunung'unika ya kuwa shule huwatenga watoto na watu wao, kwamba kijana akipata cheti hamjui tena jirani. Manung'uniko hayo si ya bure. Sisi wa Sinza twakaa karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila siku twapishana njiani na wasomi. Si wote wanaotujua, wala sisi hatuwajui wote. Lakini Msamaria wa Injili hakumwuliza majeruhi kabila lake. Vijana wa Mweka nao walitenda vivyo hivyo: waliona jirani yu katika hatari, wakaenda. Elimu ya namna hiyo haimtengi mtu na watu wake.

Walimu, wafundisheni watoto habari hii pamoja na katekisimu. Nanyi msafirio Desemba, waambieni vijana wa nyumbani wasiache jiko likiwaka porini, wala wasirine asali kwa mienge wakati wa kiangazi. Maana hatari haikwisha: mwezi wa Oktoba 2022 moto uliwaka tena mlimani, upande wa Karanga, watu wakapanda tena kuuzima. Msitu uliokomaa kwa miaka mamia huteketea kwa siku moja, na aliyewasha moto kwa uzembe hawezi kuurudisha. Tumshukuru Mungu kwa waliopanda kuuzima, na sisi tujifunze kutouwasha.