Mwanamke anayeanza mazoezi ya nguvu: jinsi ya kuchagua programu inayokufaa

Kila tunapozungumzia afya hewani, swali moja halikosi kurudi kutoka kwa akina mama wa Kilosa mjini, Kimamba, Ruhembe na Mikumi: "Mimi nalima, nachota maji, nabeba kuni. Mazoezi ya nguvu ya nini tena?" Na dada zetu wenye simu wanauliza lao: "Nimeona programu kumi mtandaoni, nifuate ipi?" Maswali haya mawili yanakwenda pamoja, kwa hiyo tumeyajibu hapa kwa maandishi ili uweze kuyarudia kwa nafasi yako.

Kwa kifupi
- Anza na siku mbili kwa wiki, dakika 30 kila siku.
- Chagua programu inayogusa mwili mzima, sio tumbo peke yake.
- Hakikisha inakueleza jinsi ya kuongeza uzito kidogo kidogo.
- Madumu ya maji na mchanga vinatosha. Jimu si lazima.
- Kama una mimba, umejifungua karibuni au una presha, pitia kwanza zahanati.

Kazi ya shamba si mazoezi?

Ni kazi ya nguvu, hilo halina ubishi. Lakini mwili una tabia moja: ukizoea kazi, unajifunza kuifanya kwa gharama ndogo. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo walivyowafanyia wanawake wa Kikuyu na Waluo nchini Kenya, waliozoea kubeba mizigo mizito. Waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mama mwenye kilo 60 anafika hapo akiwa na mzigo wa kilo 12. Ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda.

Hiyo ni sifa kubwa, lakini pia inatufundisha kitu. Ndoo ile ile, njia ile ile, miaka kumi: mwili umeshazoea na hauna sababu ya kutafuta nguvu mpya. Tena kazi zetu huchosha upande mmoja. Jembe linainamisha mgongo saa nyingi, ndoo inakandamiza shingo, lakini misuli ya kuvuta, ya makalio na ya tumbo haipati zamu yake sawasawa. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi kutwa nzima na bado kiuno kikamsumbua kila jioni.

Kuna jambo jingine. Kuanzia miaka ya thelathini, misuli huanza kupungua polepole. Hedhi inapokoma, mifupa ya mwanamke hupoteza uimara haraka zaidi kuliko awali. Mazoezi ya nguvu hupunguza kasi ya yote mawili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku mbili kwa wiki. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, linashauri siku tatu au zaidi za mazoezi yanayochanganya nguvu na usawa wa mwili, ili kuzuia kuanguka.

Wala hujachelewa. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee wa umri wa miaka 90 hivi waliofanya mazoezi ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Programu ni nini hasa

Programu ni mpango ulioandikwa unaosema unafanya nini, mara ngapi, siku zipi, na unaongeza vipi. Hilo la mwisho ndilo linalotofautisha programu na mazoezi ya kubahatisha. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa. Badala ya kuwapumzisha tu, aliwapa uzito wa kunyanyua na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Kutokana na kazi yake ulienea utaratibu wa raundi tatu za mara kumi kumi, ambao hadi leo utaukuta kwenye programu nyingi duniani.

Maswali matano ya kujiuliza kabla ya kuchagua

1. Je, inagusa mwili mzima? Programu nzuri ya mwanzo ina miendo mitano: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma, kuvuta, kunyanyua kitu kutoka chini, na kubeba. Ile inayoahidi "kukata tumbo kwa siku saba" iache. Hakuna zoezi linaloondoa mafuta ya sehemu moja tu ya mwili.

2. Je, nitaiweza wiki ambayo mambo yamebana? Usipime kwa wiki ya raha. Pima kwa wiki ya palizi, mtoto anaumwa na maji yako mbali. Kama siku tano kwa wiki haziwezekani wakati huo, programu hiyo si yako. Siku mbili zinazofanyika kweli ni bora kuliko siku tano zilizobaki kwenye simu.

3. Je, vifaa ninavyo? Programu nyingi maarufu za mtandaoni zinataka vyuma vya jimu. Ni nzuri kwa aliye karibu navyo. Kwa aliye kijijini, tafuta inayotumia uzito wa mwili na vitu vya nyumbani.

4. Je, inasema jinsi ya kuongeza? Kama wiki ya kwanza na wiki ya kumi zinafanana, utaishia pale pale.

5. Je, inanijali mimi nilivyo sasa? Aliyejifungua miezi miwili iliyopita, bibi wa miaka 60 na binti wa miaka 20 hawaanzi mahali pamoja.

Ongeza swali la sita kama inauzwa: anayeiuza anasukuma pia unga au vidonge vya kunywa? Akifanya hivyo, shika pesa yako.

Programu tatu za kulinganisha

Ya kwanza: siku mbili, nyumbani. Hii tunaipendekeza kwa wengi, hasa wenye shamba na watoto. Chagua siku mbili zisizofuatana, mfano Jumanne na Ijumaa. Pasha mwili dakika tano kwa kutembea haraka na kuzungusha mabega, kisha fanya haya:
- Kuchuchumaa hadi kugusa kigoda kwa makalio, kisha kusimama.
- Kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Ukizoea, shuka kwenye ukingo wa meza imara, halafu magoti chini.
- Kuvuta dumu: inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, shika kigoda kwa mkono mmoja, mwingine uvute dumu hadi ubavuni.
- Kunyanyua dumu kutoka chini: rudisha makalio nyuma, mgongo ubaki umenyooka, simama kwa kusukuma ardhi kwa miguu.
- Kubeba madumu mawili, moja kila mkono, na kutembea wima hatua 30.

Kila zoezi fanya raundi mbili. Manne ya mwanzo ni mara 8 hadi 12 kila raundi, na ya kuvuta uhesabu kila mkono peke yake. Pumzika dakika moja au moja na nusu kati ya raundi.

Ya pili: siku tatu. Miendo ni ile ile, raundi tatu badala ya mbili, na siku moja ya kupumzika katikati. Inamfaa anayefanya kazi ya kukaa, kama dukani, ofisini au kwenye cherehani, au aliyemaliza miezi mitatu ya programu ya kwanza. Kwa anayelima kutwa, siku tatu zinaweza kuwa nyingi msimu wa kazi.

Ya tatu: jimu ya vyuma. Inamfaa aliye mjini, au anayeweza kufika mjini mara mbili kwa wiki bila kuumiza bajeti. Faida yake ni kwamba uzito unaongezeka kwa vipimo kamili na unaweza kwenda mbali. Hasara ni nauli, ada na muda. Ukienda, mwombe mwalimu akuangalie mgongo kabla ya kukuongezea chuma, na kataa kushindana na aliyeanza mwaka jana.

Mizani yako ni dumu

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo dumu la mafuta la lita tano ni seti nzima ya uzito: leo weka lita tatu, wiki ijayo tatu na nusu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inamtosha anayeanza kabisa. Maji yakiwa mepesi, jaza mchanga. Kilosa hatuna shida ya mchanga, Mkondoa unatuletea kila mwaka. Mchanga mkavu una uzito wa mara moja na nusu hivi ya maji, kwa hiyo usihamie kwenye dumu zima mara moja. Kabla ya kunyanyua, hakikisha mpini haujapasuka na kifuniko kimefungwa.

Sheria ya kuongeza ni hii: ukifika mara 12 kwenye raundi zote, siku mbili mfululizo, na ukahisi bado ungeweza kufanya mbili zaidi, ongeza nusu lita na urudi mara nane. Usipofika, baki hapo. Andika kwenye daftari la mtoto lililobaki kurasa: tarehe, zoezi, lita, mara ngapi. Wiki za kwanza nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva zinajifunza kuitumia misuli uliyo nayo. Mabadiliko ya kuonekana kwa macho huchukua kama miezi miwili hadi mitatu.

Hofu ya kuwa kama baunsa

Wengi wanauliza kama watatoka misuli ya kiume. Homoni inayojenga misuli mikubwa, testosteroni, kwa mwanamke ni kidogo sana kuliko kwa mwanaume. Wanawake unaowaona na misuli mikubwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka, kwa chakula maalumu, na baadhi kwa dawa. Madumu mara mbili kwa wiki hayakufikishi huko.

Pa kuzingatia usalama

Toa pumzi unaponyanyua, usiibane. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Kama una presha, pima zahanati kabla ya kuanza, na usianze kama haijadhibitiwa. Kama umeambiwa una upungufu wa damu au una sikoseli, pata ushauri kwanza.

Aliyejifungua asubiri arobaini iishe na aende kliniki ya baada ya kujifungua kabla ya kugusa dumu. Aliyefanyiwa upasuaji asubiri aruhusiwe, hata kama anajisikia mzima. Kitu kinachoanza mapema ni mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga: ibane kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi. Unaweza kuyafanya ukiwa unanyonyesha na hakuna atakayejua. Ila usijizoeze kukata mkojo ukiwa unakojoa kweli.

Hili la nyonga tunalisema wazi kwa sababu wengi wanalificha. Utafiti wa vijijini Kilimanjaro uliochapishwa 2018 uliona kwamba kushuka kwa viungo vya nyonga kuliwapata zaidi waliozaa mara nyingi na wanaobeba mizigo mizito saa nyingi kwa siku. Kama mkojo unavuja ukikohoa au ukinyanyua, au unahisi kitu kizito kinashuka ukeni, hiyo si aibu wala si uzee. Acha uzito, nenda kituo cha afya, na rudi kwenye mazoezi ukiwa na ushauri.

Simama mara moja ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya kuanza ni kawaida, kiungo kuvimba si kawaida.

Kwa walio pembezoni mwa hifadhi ya Mikumi: huna haja ya kutoka gizani kwenda kukimbia barabarani. Tembo hawana ratiba. Programu hizi zote zinafanyika uani, umevaa dera na suruali ndani, au kitenge ulichokifunga vizuri. Joto la mchana pia likwepe, na weka maji ya kunywa karibu.

Chakula na kupumzika

Misuli hujengwa na chakula na usingizi. Maharage, kunde, mbaazi, karanga, dagaa na mayai vinatosha kabisa, ila visiishie kwa baba na watoto. Chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma. Chungwa au embe husaidia kuyachukua.

Na kama mwili umechoka kwa kazi, sema hivyo nyumbani. Dakika 30 mara mbili kwa wiki ni saa moja kati ya saa 168. Lakini saa hiyo haipatikani kama ndoo zote bado ni za mtu mmoja. Kabla ya kuchagua programu, kaeni mkubaliane nani atachota maji Jumanne na Ijumaa. Wengine wamejiunga wawili watatu, mmoja anaangalia watoto wakati wenzake wanafanya, kisha wanabadilishana. Huo nao ni mpango, na ukiukosa, daftari lako litaishia ukurasa wa pili.