Bibi wa Fumba: tarehe ya taarabu ya Ng'ambo

Kwanza tuliweke sawa jambo moja, maana watu wa Mji Mkongwe hawachoki kulirudia: kwamba taarabu ni ya Sayyid Barghash. Haya. Sayyid alitawala Zanzibar toka 1870 hadi 1888, akamtuma Mohamed bin Ibrahim aende Misri kujifunza kupiga kanuni; na 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa. Hayo hatuyakatai. Lakini nyimbo zile zilikuwa za Kiarabu, za kuwastarehesha wakubwa. Aliyezileta kwa Kiswahili, mpaka mchukuzi na mpishi wa Ng'ambo wakajiona ndani yake, ni bibi yetu sote, Siti binti Saad wa Fumba.

Alizaliwa mnamo 1880. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua, na jina alilopewa ni Mtumwa. Hilo la Siti lilikuja baadaye, likamkaa kama lake la kuzaliwa. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti akairithi kazi: kukanda udongo, kufinyanga, kuanika kivulini, kuchoma, kisha kujitwika vyungu na kwenda kuvinadi kwa miguu. Wazee husema aliponadi, sauti ilitangulia na mzigo ukafuata. Waliokuwa ndani walijua chungu kinakuja naye bado hajaonekana njiani. Mimi naamini.

1911 akahamia mjini, ameshaolewa na kuzaa. Mtu mmoja wa Ikhwani Safaa akamsikia, akamfunza uimbaji na matamshi ya Kiarabu (hata wao basi wana fungu lao). Sauti hiyohiyo ikasifika kwa usomaji wa Kurani. Wasiojua humtaja kwa nyimbo tu, kana kwamba uchaji haukuwemo. Naye aliimba kajifunika uso kwa buibui lake.

Wenzake katika muziki walikuwa Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban.

Wenye husuda hawakukosekana. Walimcheka sura, wakamcheka vyungu, wakatunga na wimbo wa kumsimanga kwamba ametoka shamba na kaniki. Akawajibu kwa wimbo, wakanyamaza. Hata mahakama hazikusalimika na nyimbo zake. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Muuaji akavuka bara, na kifungo kikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Siti akaiimba kesi hiyo, na hata wasioketi mahakamani wakaijua.

Machi 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Columbia na Odeon wakafuata. Sahani zikaenea pwani yote, na binti wa mfinyanzi akasikika hata walikokuwa hawajui Fumba iko wapi.

Hapa nikatize kidogo, maana kila nikimtaja Bibi Siti lazima mtu aniulize habari za Bi Kidude. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, na alizaliwa Mfagimaringo. Umri wake ni ugomvi usiokwisha, na wengi humpa zaidi ya miaka 100. Hakuzaa, lakini wari aliowafunda unyagoni hawahesabiki: kasimama na msondo umefungwa kwa kanga, anaupiga nao umeegemea katikati ya miguu. 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akafariki 17 Aprili 2013. Wengine humwita ndiye mama wa taarabu. Basi na wamuulize yeye mwenyewe: alikuwa akisema wazi kwamba utotoni alikwenda kumsikiliza Siti, na nyimbo alizipata huko. Kwa sanaa naye ni mjukuu wa Fumba.

Turudi. 1950 mwandishi Shaaban Robert alikuja kumsikiliza bibi akisimulia maisha yake, naye ameshakuwa mzee. Akayaandika kuwa Wasifu wa Siti binti Saad. Aliwahi, maana Julai mwaka huohuo bibi alifariki.

Kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu 2020, akaiita Siti of Unguja. Nyimbo zilizomo ni za Bibi Siti.