Kamusi ya rasilimali (WPF)

Kamusi ya rasilimali ni faili la XAML linalotunza rangi, violezo na mitindo ya vitufe, menyu na visanduku vya maandishi, ili programu kadhaa za kompyuta ziwe na sura moja. Ni sehemu ya WPF, mfumo wa Microsoft wa kuunda programu za Windows, uliotolewa mwaka 2006 pamoja na .NET Framework 3.0.

Kwa kawaida kamusi hii huwekwa katika mradi wa maktaba unaozalisha faili la DLL. Kila programu huiunganisha kupitia App.xaml, ndani ya MergedDictionaries, kwa anwani kama pack://application:,,,/Mitindo;component/Rangi.xaml. Anwani hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi: ukisahau neno component, WPF hulitafuta faili ndani ya programu yenyewe badala ya maktaba, na isipolipata hutoa kosa.

Ufunguo mmoja wa rasilimali (x:Key) ukijirudia katika kamusi mbili zilizounganishwa, iliyoorodheshwa mwisho hushinda. Rasilimali hurejelewa kwa njia mbili: StaticResource husomwa mara moja tu, wakati wa kupakia. DynamicResource hufuata mabadiliko, hivyo huhitajika pale mtumiaji anapobadili mwonekano mweupe kuwa mweusi bila kufunga programu.

Mtindo wa vitufe usio na x:Key hugusa kila kitufe cha programu nzima kisichopewa mtindo wake, kwa hiyo katika maktaba ya pamoja ni salama zaidi kuupa ufunguo. Msimbo wa WPF ulianza kuwekwa wazi kwa umma Desemba 2018.