Kosa dogo la zamani na safari ya ng'ambo

HAKIMU husoma shtaka, mshtakiwa hukiri, faini hulipwa na kabla ya adhuhuri mtu amekwisha kurudi kwake. Hivyo ndivyo zinavyomalizika kesi nyingi ndogo katika mahakama zetu: ulevi na vurugu, uchuuzi mahali pasiporuhusiwa, kupigana na jirani. Wengi huondoka wakiamini kwamba stakabadhi ya faini ndiyo mwisho wa jambo. Miaka baadaye mtu huyo hupata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo au kazi Uarabuni, na katika fomu ya viza akakutana na swali: Je, umewahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote?

Swali hilo huwatia watu hofu, na hofu huwafanya wengine waandike kwamba hawajawahi. Hapo ndipo kosa dogo linapozaa kubwa. Katika mataifa mengi, hukumu ndogo ya zamani haimfungii mtu mlango moja kwa moja. Uongo kuihusu ndio unaomfungia.

Ifahamike kwanza kwamba sheria ya Kenya haimzuii kusafiri mtu aliyekwisha kutimiza adhabu yake. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuondoka nchini. Anayeweza kuzuiwa ni yule ambaye kesi yake ingali inaendelea, kwa kuwa mahakama yaweza kumwamuru akabidhi pasipoti kama sharti la dhamana. Hata hivyo, haki ya kutoka kwako si haki ya kuingia kwa mwenzako, na kila taifa lina masharti yake.

Cheti cha tabia njema

Kumbukumbu za makosa huhifadhiwa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI, kwa kutumia alama za vidole. Idara hiyo ndiyo inayotoa cheti cha tabia njema, ambacho huitishwa na waajiri, mawakala wa kazi za Uarabuni na balozi kadhaa. Mwombaji hujaza maombi katika mtandao wa eCitizen, hulipa ada, kisha huchukuliwa alama za vidole katika makao makuu ya DCI yaliyo Kiambu Road jijini Nairobi au katika Vituo vya Huduma vinavyotoa huduma hiyo.

Ni busara kukiomba cheti hiki mapema, kabla ya kumlipa wakala au kununua tiketi. Si ajabu mtu kugundua kwamba kesi iliyoondolewa mahakamani ingali katika kumbukumbu kana kwamba haijaisha. Akipatwa na hilo, aende katika mahakama iliyosikiza kesi, aombe nakala ya uamuzi iliyoidhinishwa, kisha aiwasilishe kwa DCI ili kumbukumbu zirekebishwe.

Kila taifa na mizani yake

Wakenya wanaozuru Uganda au Rwanda hawahitaji viza, na tangu 2014 wameweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Kosa dogo la zamani halina uzito mkubwa katika safari kama hiyo.

Fomu ya viza fupi ya mataifa ya Schengen, yakiwemo Ufaransa, Ujerumani na Italia, haina swali kuhusu hukumu za awali. Lakini maafisa huchunguza iwapo mwombaji ni tishio kwa usalama wa umma, na anayekwenda kukaa muda mrefu kwa masomo au kazi aweza kutakiwa kutoa cheti cha polisi.

Uingereza hupima adhabu na muda uliopita. Aliyewahi kufungwa miezi 12 au zaidi hunyimwa viza. Mgeni wa muda mfupi aliyefungwa chini ya miezi 12 hutakiwa awe amemaliza kifungo zaidi ya miezi 12 iliyopita. Aliyeadhibiwa bila kufungwa, kwa mfano kwa faini, muda wake huhesabiwa tangu siku ya hukumu.

Marekani huuliza hata juu ya kukamatwa tu, na hata juu ya kosa lililosamehewa. Kwa hiyo msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba yetu haumwondolei mwombaji wajibu wa kujibu kweli. Sheria yake huyatazama hasa makosa yanayoashiria upotovu wa maadili, kama vile wizi na ulaghai. Kuna nafuu kwa mwenye kosa moja tu la aina hiyo, ikiwa adhabu ya juu kabisa ya kosa lenyewe haizidi mwaka mmoja na hakuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi sita. Nafuu hiyo haimhusu mwenye kosa la dawa za kulevya. Msokoto mmoja wa bangi waweza kumtatiza msafiri kuliko ugomvi wa baa.

Kanada hulilinganisha kosa la mgeni na sheria zake yenyewe, na hapa madereva wetu wanapaswa kuwa macho. Tangu polisi wa Kenya walipoanza kutumia kifaa cha Alcoblow mnamo Desemba 2013, madereva wengi wamefikishwa kortini kwa ulevi na kutozwa faini. Mnamo Desemba 2018 Kanada iliongeza adhabu ya juu ya kosa hilo kutoka miaka mitano hadi 10, na hivyo kuliweka katika kundi la makosa mazito. Aliyepatikana na hatia baada ya hapo hafutiwi doa kwa kupita kwa muda pekee. Sharti aombe rasmi atambuliwe kuwa amejirekebisha, na ombi hilo hukubalika tu baada ya miaka mitano tangu amalize adhabu.

Bei ya uongo

Njia ya mwongo ni fupi. Anayebainika kudanganya katika maombi ya viza ya Uingereza aweza kukataliwa kwa miaka 10. Kanada humfungia miaka mitano. Marekani yaweza kumzuia maisha yake yote, isipokuwa apewe ruhusa maalumu. Linganisha adhabu hizo na faini ya shilingi elfu chache.

Kwa hivyo, mwombaji ajibu swali lilivyoulizwa. Akiulizwa kuhusu kuhukumiwa, asijibu kana kwamba ameulizwa kuhusu kufungwa, maana faini pia ni hukumu. Aambatanishe nakala ya uamuzi wa mahakama, stakabadhi ya malipo, na barua fupi inayoeleza kilichotokea, mwaka kilipotokea na maisha yake tangu hapo. Asimlaumu polisi wala hakimu. Kosa likiwa la wizi, ulaghai, ulevi barabarani au dawa za kulevya, atafute ushauri wa wakili kabla ya kutuma maombi.

Tahadhari iliyo bora zaidi ni ile ya kizimbani. Anayekiri ili tu arudi nyumbani mapema hujinyima mengi, kwa kuwa aliyekiri mwenyewe huweza kukata rufaa kuhusu adhabu tu, wala si hatia, na hupewa siku 14 pekee. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu humruhusu hakimu kumwachilia mkosaji bila kumwadhibu pale inapofaa, lakini ni vigumu kuliomba hilo usilolijua. Kabla ya kutamka "Ni kweli", mshtakiwa akumbuke kwamba maneno hayo mawili huenda akaulizwa tena, miaka mingi baadaye, katika dirisha la ubalozi.